Waliokaa Tu Kwa Abdulhussein

Kwa Abdulhussein, kazi ilitolewa kwa kidole. Mteja aliingia dukani akanunua mfereji mpya, au kipande cha paipu, au mkebe wa rangi, na kabla hajatoka akauliza, "Na fundi je?" Mwenye duka hakuwa na hotuba. Aliinua mkono wa kulia kutoka kwenye meza ya duka, akauelekeza nje ya mlango, kwa mtu mmoja kati ya wale waliokaa juu ya ukuta mfupi wa uwanja wa magari, akasema, "Huyo." Basi. Aliyeonyeshwa aliinuka, akajipangusa vumbi la suruali, na siku yake ilikuwa imepatikana.

Tsuma aliikuta desturi hiyo alipoteremka kutoka Rabai miaka ishirini na sita iliyopita, na spana mbili za kuazima. Mzee Abdulhussein, Mbohora mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na kofia nyeupe ya ukingo wa dhahabu, alimtazama viganja kabla ya kumtazama uso. Nyuma ya duka kulikuwa na mfereji uliokuwa ukidondoka maji mchana kutwa. Mzee akamwambia, "Hebu unyamazishe ule." Tsuma akaunyamazisha. Kesho yake kidole kilimwangukia, na kiliendelea kumwangukia hata mzee alipofariki na mwanawe, Kaizar, akakaa kwenye kiti kile na kuinua mkono vile vile.

Maduka yenyewe hayakuwa na uzuri wa kumsimamisha mtu njiani. Yalikuwa kumi na moja, yamepangwa mstari mmoja chini ya paa moja la mabati, upande wa Buxton, na mbele yake lami pana ya kuegesha magari mia moja. Magari mia moja hayo hakuna aliyepata kuyaona. Siku ya shughuli kubwa yalifika thelathini, na lami iliyobaki ilichomwa na jua bila kumfaa mtu. Waliojaza mahali pale walikuwa watu: wauza matunda, washona viatu, muuza kahawa mmoja na dele lake, birika la shaba lenye makaa chini, na wale wanaume wa ukutani. Wa mifereji, wa rangi, wa umeme, wa vigae. Jumla yao ni thelathini na wanane, na mjini hakuna nyumba ya ghorofa ambayo mmoja wao hajawahi kuingia na nyundo.

Ila ungepita pale usingejua. Mikoba ya vyombo vyao vya kazi haikuwekwa wazi. Ilisukumwa nyuma ya ukuta, chini ya maboksi ya vigae, pale asipoiona askari wa kanjo, wale wa kaunti. Kufanya biashara kwenye uwanja wa magari bila leseni ni kosa, na mkoba ukichukuliwa umechukuliwa. Kwa hiyo mzee Abdulhussein, ambaye hakuwa mtu wa uongo katika jambo lingine lolote, aliwafundisha maneno mawili. Mwenye karatasi akija kuuliza, yeyote yule, jibu ni moja: tumekaa tu. Na yeye mwenyewe akiulizwa alisema, "Ni wageni wangu, wamepumzika." Maneno hayo mawili yaliwalinda miaka mingi kuliko ambavyo leseni ingewalinda.

Kwa miaka sita ya mwisho, mwenye kuuliza alikuwa askari mmoja mwanamke aitwaye Nyevu. Alipita karibu kila asubuhi, mrefu, viatu vyake vimepigwa rangi vikang'aa, akasimama mbele ya ukuta.

"Sabalkheri. Mwafanya nini hapa?"

"Tumekaa tu, dada."

"Kila siku mumekaa tu?"

"Kila siku, dada."

Aliwatazama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Elvis, fundi wa rangi, aliyekuwa na maneno mengi kuliko brashi, alipenda kusema kwamba Nyevu ni mjinga. Tsuma hakudhani ni mjinga. Alidhani yule dada anangoja siku yao tu.

Kisha ikaja habari ya treni ya mjini, ile nyepesi ya umeme, itakayovuka kisiwa kutoka upande hadi upande. Ng'ambo ya barabara paa la kituo lilisimamishwa ndani ya miezi minane tu, jambo ambalo watu wa Mombasa, waliozoea ujenzi wa kuzeekea, hawakuliamini hata walipopita chini yake. Na kituo kikishajengwa, mahali penye lami kavu na maduka ya mabati huwa pamekuwa dhahabu. Ikatangazwa kwamba Kwa Abdulhussein patavunjwa, pajengwe nyumba za ghorofa sita, maduka chini na watu juu, na katikati uwanja wa abiria wenye miti na vibanda vya wafanyabiashara wadogo. Tsuma aliutazama mchoro uliobandikwa kwenye nguzo akaupenda. Alihesabu madirisha. Kila dirisha ni jiko au choo, na kila jiko na choo kina mifereji.

Mwezi wa pili walikuja vijana wanne wenye vizibao vya kijani vinavyometameta, kila mmoja na karatasi zake kwenye ubao. Walikuwa wakihesabu watu wa mahali pale na shughuli zao, ili kila mwenye shughuli apewe nafasi katika uwanja mpya. Walilieleza hilo, na kwa adabu kabisa. Lakini nani anasikiliza maelezo wakati macho yake yapo kwenye karatasi? Kijana alifika ukutani akamwuliza wa kwanza, "Mzee, wewe unafanya nini hapa?"

"Nimekaa tu."

Akamwuliza wa pili. Amekaa tu. Akamwuliza Elvis, naye Elvis, kwa kuwa hakuweza kuacha jambo bila kulitia nakshi, akasema, "Mimi napunga upepo, ndugu yangu. Daktari amenishauri." Wenzake waliziba midomo wasicheke. Tsuma naye alijibu vile vile, mkoba wake wa spana ukiwa nyuma ya visigino vyake. Kijana akaingia dukani kuhakikisha, na Kaizar, bila hata kuinua macho kutoka kwenye mizani ya misumari, akasema kama baba yake alivyomfundisha, "Hao? Wamepumzika tu."

Muuza kahawa ndiye pekee aliyesema kweli, maana hakuwa na njia. Mtu hawezi kusema amekaa tu na dele linafuka moshi mbele yake. Wauza matunda na washona viatu walimfuata. Wale wa ukutani waliwaonea huruma, wamejiandikisha wenyewe kwa mkono wao. Jioni ile walicheka sana.

Mwezi wa tano Tsuma aliitwa Ndia Kuu, nyumbani kwa Mehrunnisa, mjane wa mzee Abdulhussein na mamake Kaizar. Tangi la juu halikuwa likijaa. Alipanda zile ngazi za mbao zilizosimama wima, akafungua, akakuta boya limekwama, na alipokuwa amelala chali chini ya tangi akifunga paipu ya kuingizia maji akasikia slipa za bibi zikija polepole.

"Tsuma."

"Naam, Mama Kaizar."

"Mumepawa viti."

Alitoa kichwa. Mehrunnisa alikuwa amesimama na rida yake ya maua, lile vazi la wanawake wa Kibohora, miwani imemteremka puani, mkononi ana kijitabu cha mradi, cha karatasi nzuri. Kaizar alikuwa amekileta nyumbani, naye bibi husoma kila kinachoingia nyumbani, hata karatasi ya dawa ya mbu.

"Viti gani, mama?"

"Sikiza." Akasoma, akifuata mstari kwa kidole: "'Eneo la mapumziko. Viti thelathini na vinane vyenye kivuli, kwa ajili ya watu wanaopumzika katika uwanja huu kila siku, wengi wao wakiwa wanaume wasio na kazi.'"

Alianza kucheka, akaacha. Alimtazama Tsuma aliyelowa maji mpaka kifuani, spana mkononi, mpira mpya wa boya ameuma kwa meno.

"Wasio na kazi," akasema. "Na huyu aliye chini ya tangi langu ni nani?"

Tsuma aliutoa ule mpira mdomoni. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa maji matupu, aliomba asomewe tena, kisha akaomba asomewe ukurasa unaofuata. Wauza matunda sita wana vibanda. Washona viatu wawili wana vibanda. Muuza kahawa ana kibanda, na bomba la maji limechorwa karibu naye. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba shughuli yoyote ya kazi ambayo haikuonekana katika hesabu haitaruhusiwa uwanjani wala mbele ya maduka, na walinzi watasimamia hilo. Maoni ya mwisho yatapokewa Alhamisi, ukumbini Buxton, saa nne asubuhi.

Aliumia. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Angetukanwa na mtu mbaya ingekuwa nafuu, lakini hapa hakuna aliyewatukana. Waliulizwa kwa upole, wakajibu, na majibu yao yakaandikwa kama yalivyo, tena wakaongezewa kivuli. Tsuma hakuwa na kibao chenye jina lake mahali popote. Simu yake ilikuwa na namba za wateja saba. Watu wa mji huu walimpata kwa njia moja tu: wakienda Kwa Abdulhussein wakamkuta ukutani na mkono ukainuliwa. Akiondolewa ukutani pale, alikuwa mzee mmoja wa Rabai mwenye mkoba mzito, umri wa miaka hamsini na mbili, asiyejulikana na mtu.

Alimaliza boya, tangi likaanza kujaa, akateremka. Mehrunnisa alimpa kile kijitabu. "Nenda kwa Kaizar," alimwambia. "Mwambie mimi nimesema awasemee."

Alitoka Ndia Kuu kwa miguu, akapita Makadara katikati ya tuktuk na moshi wa mishikaki, akafika dukani duka likiwa halina mteja. Kaizar alikuwa mtu mwema. Ubaya wake ulikuwa kupenda mambo yapite bila makelele. Alimsikiliza Tsuma mpaka mwisho, akafunga na kufungua kifuniko cha kalamu.

"Mimi niliwakinga, Tsuma. Ningesema hawa ni mafundi, siku ile ile mungeondolewa."

"Najua, Bwana Kaizar. Hata mimi nilisema nimekaa tu. Sasa tusemee. Simama Alhamisi useme hawa ni mafundi, nawajua."

Kaizar aliangalia mlango. "Duka jipya ni la vioo," alisema taratibu. "Karatasi niliyotia saini yasema mlangoni kusiwe na mtu aliyesimama pasipo shughuli. Tena jibu lenu liko na jina langu chini yake. Nikisimama niseme nilidanganya, hata nafasi yangu itaangaliwa upya. Nina watoto watatu."

"Mama amesema utusemee."

"Mama hana duka."

Aliona haya mara tu aliposema, na Tsuma aliona kwamba ameona haya, na hilo halikumsaidia yeyote kati yao. Waliagana kwa heshima.

Jumatano asubuhi aliwasomea wenzake kijitabu kile ukutani. Mzamil, fundi wa umeme, aliyekuwa mpole na mwenye watoto wengi, akasema afadhali waende wote wakasikilize. Elvis alisimama.

"Tusikilize nini? Nyevu atakuwepo. Kanjo wote watakuwepo. Ukisimama pale useme mimi ni fundi, umejishtaki mwenyewe, na kesho wachukua mkoba wako. Brashi zangu nilinunua kwa miaka."

"Na tusiposema?" akauliza Tsuma.

"Tutatafuta ukuta mwingine. Mombasa haina kuta?"

"Kuta ziko. Mwenye kutuonyesha yuko wapi?"

Elvis alikasirika. "Wewe sema lako, Tsuma. Jina langu usilitie. Niahidi." Wengine wakasema vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, hata Mzamil kwa sauti ya chini. Tsuma akaahidi. Aliahidi mbele yao wote, naye alikuwa mtu wa kushika neno.

Ukumbi ulijaa Alhamisi. Mbele ya turubai jeupe la kuonyeshea picha, alisimama mpangaji wa mradi, mwanamke wa makamo aitwaye Caroline, mwenye nywele fupi na sauti isiyo na haraka. Tsuma alikuja tayari kumchukia, akashindwa. Yule mama alizungumza juu ya lami ile kama mtu aliyekaa nayo. Alisema ni dhambi mji wenye watu wengi hivi, unaozungukwa na maji pande zote, kuyapa magari ardhi ambayo hata magari yenyewe hayaitaki. Alisema anataka muuguzi ashuke kwenye treni, anunue mboga, apande ngazi, awe nyumbani. Watu walipiga makofi, na Tsuma akapiga pia.

Kaizar alikuwa safu ya kwanza pamoja na wenye maduka. Mafundi walikuwa safu za nyuma kabisa, wote thelathini na wanane, mikoba wameisukuma chini ya viti. Nyevu alisimama mlangoni na kidaftari chake.

Yalipofika maoni, Tsuma aliinua mkono. Akapewa kipaza sauti, akakishika kama anavyoshika paipu, kwa mikono miwili.

"Mimi ni mmoja katika wale waliopawa viti," alisema.

Watu wakacheka. Caroline akatabasamu, akamhimiza aendelee.

"Ahsante kwa viti. Ila nilidanganya. Kijana wenu aliniuliza nafanya nini pale, nikamwambia nimekaa tu. Sikukaa tu. Mimi nafanya kazi pale, miaka ishirini na sita. Tulizoea kusema hivyo. Mtu akija na karatasi sisi twaogopa, twasema tumekaa. Hatukujua kwamba mara hii karatasi imekuja na heri."

Hakuna aliyecheka tena. Caroline aliiweka kalamu mezani.

"Nakuamini, mzee," alisema. "Lakini nielewe. Kwa mtu mmoja siwezi kubadilisha uwanja. Hesabu yangu inasema thelathini na wanane, na wote walijibu wanapumzika, na mwenye duka alithibitisha. Leo ndiyo siku ya mwisho. Kama ni mafundi, wako wapi?"

Tsuma alimtazama Kaizar. Kaizar alikuwa akiitazama simu yake, na simu yenyewe ilikuwa imezimwa. Aligeuka nyuma. Safu nne za wanaume waliangalia sakafu, na ukumbi mzima uliwatazama wakiangalia sakafu. Alisikia mtu akikohoa. Alijua kwamba akikaa chini sasa, ndiyo basi. Kitajengwa kiti kizuri chenye kivuli na yeye atakaa juu yake mpaka afe, na watu watakaoshuka kwenye treni watamwona, wamwonee huruma.

Alifikiria ile ahadi. Alifikiria pia yule mzee wa kofia nyeupe, ambaye hakuwahi kumwomba mtu yeyote ruhusa kabla ya kumwonyesha.

Akainua mkono wa kulia, akauelekeza.

"Yule wa shati la buluu ni Elvis," alisema. "Fundi wa rangi. Ule ukuta wa kijani wa madrasa kule Makadara, ambao mvua tatu hazijauchubua, ni kazi yake."

"Tsuma!" Elvis aliruka. "Si uliniahidi?"

"Nilikuahidi, na leo sikushika neno. Nisamehe. Simama, Elvis."

"Nimeshasimama!" alipaza sauti Elvis, na ni kweli alikuwa amesimama, na mkoba wake, aliouvuta kwa hasira, ulikuwa mkononi mwake mbele ya watu wote, brashi zimechomoza.

"Aliye nyuma yake ni Mzamil, wa umeme. Mwanamke yeyote wa Mji wa Kale mwenye friji inayofanya kazi, huenda ni kwa sababu ya Mzamil."

Mzamil aliinuka polepole. Kutoka katikati ya ukumbi sauti ya mwanamke ikasema, "Kweli, huyo namjua, ndiye fundi wangu," na watu wakageuka kumtafuta aliyesema. Tsuma hakungoja. Alikwenda safu kwa safu. Hakutaja jina bila kutaja kazi: jiko la fulani, ngazi za hospitali, choo cha msikiti kilichokuwa kikifurika kila mvua. Wengine waliinuka kabla hajawafikia. Ilichukua muda, na Caroline hakumkatiza. Aliandika mwenyewe kwa mkono, na alipokosa jina aliuliza lirudiwe.

Alipofika mwisho mkono ulimchoka, akaushusha.

"Ni thelathini na saba," Caroline alisema. "Na wewe?"

Tsuma alifungua mdomo. Utafikiri lingekuwa jambo rahisi, baada ya yote yale. Lakini maneno yaliyokuja ulimini yalikuwa yale mawili ya zamani, akapambana nayo. Alitazama tena safu ya kwanza. Mkono wa Kaizar uliinuka kidogo kutoka pajani, ukarudi.

"Huyo ni Tsuma," Elvis alisema kutoka nyuma, bado kwa ghadhabu. "Wa mifereji. Andika."

Caroline akaandika. Kisha akaenda kwenye kompyuta yake, na pale kwenye turubai, mbele ya macho ya watu, yale maneno ya eneo la mapumziko yakafutika, na mahali pake pakaandikwa: mahali pa mafundi. Alieleza kwamba majina yatapelekwa kanjo, kila mmoja atatakiwa kukata leseni, na yeye hawezi kuwaahidi kwamba hapo katikati hakutakuwa na usumbufu. Akauliza kama avitoe vile viti.

"Viacheni," Tsuma alisema. "Tutavikalia tukingoja kazi."

Ukumbi ukacheka. Lakini mlangoni Nyevu hakucheka. Alikuwa akiandika kwenye kidaftari chake, na alipomaliza alimtazama Tsuma usoni, akakifunga.

Ijumaa asubuhi walikuja nusu yao tu. Waliokuja walikaa mbalimbali, kila mtu na shaka yake. Elvis alikaa mwisho kabisa wa ukuta, mgongo amempa Tsuma, na hakuitikia salamu. Tsuma hakumlaumu. Usiku ule alikuwa amejiuliza mara nyingi kama aliwapa mahali au aliwauza, na alijua kwamba jibu litakuja na viatu vyeusi vinavyong'aa.

Vilikuja saa mbili kasorobo. Nyevu hakusimama mbele ya ukuta kama kawaida yake. Hakuwauliza kitu. Alipita moja kwa moja akaingia dukani kwa Kaizar.

Kutoka ukutani waliona kila kitu kupitia mlango. Waliona akisema na Kaizar. Waliona Kaizar akiinama, akiinuka, akisikiliza. Nyevu akauliza jambo. Kaizar aliweka mikono yote miwili juu ya meza ya duka, na hata kwa mbali Tsuma aliona kwamba anafikiria.

Kisha akainua mkono wa kulia, akamwonyesha Tsuma.

"Amekuuza," Mzamil alinong'ona, akausukuma mkoba wake nyuma kwa kisigino.

Nyevu alitoka, akaja taratibu juu ya ile lami, mpaka mbele yake. Tsuma aliinuka. Hakuona faida ya kukimbia, na wala hakuwa na umri wa kukimbia.

"Wewe ndiwe Tsuma? Fundi wa mifereji?"

Yale maneno mawili yalikuja tena, yakafika mpaka menoni. Akayameza.

"Ndimi, dada."

Nyevu alikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alikifungua. Ndani mlikuwa na mfereji mpya wa shaba, wa duka la Kaizar.

"Wangu wavuja tangu mwaka jana," alisema. "Naweka ndoo, naamka namwaga, naweka tena. Nimetafuta fundi mpaka Majengo, akaja mmoja akauharibu zaidi. Miaka sita, mzee, miaka sita napita hapa kila asubuhi, nawauliza mwafanya nini. Na nyote mwaniambia mumekaa tu."

Tsuma aliupokea ule mfereji, akaugeuza mkononi. Alitazama dukani. Kaizar alikuwa bado amesimama pale pale, naye alikuwa akimtazama. Hawakupungiana. Kaizar aliinamisha kichwa kidogo, Tsuma naye akainamisha chake, kisha mteja mwingine akaingia.

"Ni wapi?" Tsuma aliuliza.

"Tudor, hapo nyuma tu. Niko na saa moja kabla ya zamu."

Aliuvuta mkoba kutoka nyuma ya maboksi, akautia begani, waziwazi, spana zikigongana, akaanza kuikata lami akiwa sambamba na askari. Walikuwa wamefika katikati ya uwanja aliposikia sauti nyuma yao, sauti ya mtu ambaye asubuhi ile hakuitikia hata salamu yake.

"Dada Nyevu!" Elvis aliita, amesimama juu ya ukuta, brashi mkononi. "Na rangi je? Nyumba yako haitaki rangi?"